Nyumba ni yao, siku si zao: uchambuzi wa kisa cha wastaafu wa Kiingereza wenye nyumba Ufaransa

Usuli

Kisa hiki kinawahusu mume na mke, raia wa Uingereza, wastaafu wenye umri wa miaka sabini na kitu. Mwaka 2006 walinunua nyumba ya mawe katika kijiji kimoja cha Dordogne, kusini-magharibi mwa Ufaransa, wakaikarabati kidogo kidogo kwa akiba yao wenyewe. Majina, kijiji na mambo ya ndani ya familia yameondolewa. Tarehe za safari zimeachwa kama zilivyo, kwa kuwa kisa chote kinasimama juu ya tarehe, na mtu asipozifuata moja baada ya nyingine hataona kosa lilipoingilia.

Kwa zaidi ya miaka kumi desturi yao ilikuwa ileile: kuingia Ufaransa mwanzoni mwa Aprili, kufungua madirisha, kulima bustani ya mboga, na kurudi Uingereza mwishoni mwa Oktoba kabla baridi haijakolea. Hawakuhesabu siku, na hawakuwa na sababu ya kuhesabu. Uingereza ilijitoa katika Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020, kipindi cha mpito kikaisha tarehe 31 Desemba mwaka huohuo, na kuanzia tarehe 1 Januari 2021 Mwingereza akawa mgeni kama wageni wengine wanaotoka nje ya Umoja. Haombi viza kwa ziara fupi, lakini anabanwa na kanuni ya siku 90 ndani ya kila siku 180.

Waingereza waliokuwa wakaazi wa kweli wa Ufaransa kabla ya mwaka 2020 kwisha walilindwa na Mkataba wa Kujitoa, wakapewa kadi ya ukaazi yenye maneno "Article 50 TUE", yaani Ibara ya 50 ya Mkataba wa Umoja wa Ulaya. Jirani mmoja Mwingereza pale kijijini aliipata. Wanandoa hawa walifikiri kuiomba, kisha wakaacha, kwa sababu daktari wao, kodi yao ya mapato na wajukuu wao walikuwa Uingereza, na kudai kwamba makazi yao makuu yalikuwa Dordogne kungekuwa uongo. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, na nausema mapema kwa sababu baadaye wao wenyewe waliulaumu bure.

Lililowaponza ni imani nyingine, ambayo nimeikuta kwa wengi: kwamba mtu mwenye hati ya nyumba, anayelipa taxe foncière (kodi ya ardhi na majengo) kila mwaka pamoja na taxe d'habitation (kodi ya makazi), ambayo tangu mwaka 2023 imefutwa kwa makazi makuu na kubakizwa kwa nyumba za pili, hawezi kuwekwa kundi moja na mtalii aliyepanga hoteli kwa wiki mbili. Mbele ya ofisa wa mpakani wako kundi moja. Hati ya nyumba inampa mtu haki juu ya kuta na paa, na haimwongezei hata siku moja ya kuishi humo.

Kanuni yenyewe

Kanuni hii hueleweka vibaya hata na watu makini. Simama kwenye siku uliyopo, geuka nyuma, hesabu siku 180 ukianza na ya leo. Ndani ya siku hizo, jumlisha kila siku uliyokuwa katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka baina yao, ukiingiza siku ya kufika na siku ya kuondoka, hata kama ulifika saa tano usiku. Jumla isizidi 90. Kesho rudia hesabu upya, kwa kuwa mwanzo wa zile siku 180 umesogea mbele kwa siku moja. Hesabu haifuati nchi mojamoja: wiki ya Hispania na wiki ya Ufaransa hutoka katika mfuko mmoja. Msomaji mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania na viza ya Schengen ya kuingia mara nyingi anahesabiwa vivyo hivyo, hata kama viza yake ni ya miaka kadhaa.

Yaliyotokea

Mwezi Februari 2023 walikwenda Hispania kumtembelea dada wa mke. Walifika tarehe 14 na kuondoka tarehe 23, yaani siku kumi. Safari ile haikuhusiana na nyumba yao, kwa hiyo haikuingia kwenye hesabu yao.

Tarehe 2 Aprili walivuka kwa feri na kuingia Ufaransa. Mume alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi kwenye kalenda ya jikoni namba kuanzia 1 hadi 90, na namba 90 iliangukia tarehe 30 Juni. Kama hesabu ya kuongeza, haikuwa na dosari: Aprili siku 29, Mei 31, Juni 30. Lakini ukisimama tarehe 30 Juni na kurudi nyuma siku 180, unafika tarehe 2 Januari, na zile siku kumi za Hispania zimo ndani. Jumla yao ilikuwa 100. Siku yao halali ya mwisho ilikuwa tarehe 20 Juni.

Bandarini, ofisa alifungua pasipoti ya mke, akapindua kurasa polepole, akaweka ncha ya kalamu juu ya muhuri wa uwanja wa ndege wa Hispania na kuuliza: "Na hizi?" Mume alianza kueleza kuhusu nyumba. Alikuwa na bili ya umeme ndani ya gari, akataka kwenda kuichukua. Ofisa alimsikiliza kwa heshima, akamwambia kwamba bili haihusiki, akaandika maelezo ya kuzidisha muda kwenye pasipoti zote mbili na kuwaruhusu kuondoka. Mke alinisimulia kwamba katika feri hawakuzungumza mpaka walipoiona pwani ya Uingereza.

Walikuwa wamepanga kurudi tarehe 1 Septemba. Walipokaa chini kuhesabu kwa njia iliyo sahihi, waligundua kwamba siku hiyo ingekuwa ya 91, kwa kuwa siku zote 90 za masika zilikuwa bado ndani ya kipindi. Nafasi ya kwanza ya kuingia ilikuwa tarehe 29 Septemba, siku ambayo tarehe 2 Aprili ilikuwa imeshatoka kwenye hesabu.

Katikati ya Agosti dhoruba ya mvua ya mawe ilipita kijijini na kuvunja vigae vya upande mmoja wa paa. Jirani yao, bibi mkulima wa Kifaransa aliyekuwa na ufunguo, alipiga simu jioni ileile. Maji yalikuwa yakidondoka katika chumba cha juu, naye alikuwa ameweka sufuria ya shaba anayopikia jamu chini ya mahali panapovuja. Aliimwaga asubuhi na jioni kwa muda wa siku tisa.

Sheria ya bima ya Ufaransa inamtaka mwenye bima atoe taarifa ya hasara ndani ya siku tano za kazi tangu alipoijua, na kwa wizi ni siku mbili tu. Taarifa waliitoa kwa wakati. Shida ilikuwa kwamba mkadiriaji wa hasara alitaka kuingia ndani na kukutana na mwenye nyumba au mtu aliyeidhinishwa naye. Mume alitaka kwenda, potelea mbali siku. Mke alikataa, akamwonyesha maandishi kwenye pasipoti. Hatimaye binti yao, ambaye mwaka huo alikuwa hajaingia Schengen hata siku moja, aliomba likizo kazini akaenda. Mkadiriaji alifika, akamwomba barua ya uwakilishi, binti hakuwa nayo, mkadiriaji akaondoka. Barua iliandikwa Uingereza usiku huo kwa Kifaransa, ikatiwa sahihi na wote wawili na kutumwa pamoja na nakala za pasipoti, lakini miadi mipya ilipatikana baada ya wiki moja. Katika wiki hiyo dari ya chumba, iliyokuwa imelowa ikavimba, ilianguka.

Maamuzi na sababu zake

Waliporudi tarehe 29 Septemba, walikuwa na njia tatu mbele yao.

Njia ya kwanza ilikuwa kuendelea na siku 90 na kuzigawa vizuri zaidi. Haina gharama wala fomu. Waliiona ndogo mno kwa nyumba yenye bustani, na naelewa kwa nini.

Njia ya pili ilikuwa kuhamia Ufaransa moja kwa moja kwa viza ya muda mrefu ya mgeni asiyefanya kazi, ambayo huthibitishwa mtandaoni ndani ya miezi mitatu baada ya kufika, kisha hufuatwa na kadi ya ukaazi. Kwa wastaafu ina faida kubwa, kwa kuwa mwenye pensheni ya serikali ya Uingereza anaweza kutumia fomu ya S1 kuingia katika mfumo wa afya wa Ufaransa kwa gharama ya Uingereza. Lakini ingehamisha kila kitu, pamoja na ukaazi wa kikodi, na mke hakutaka kuwa mgeni kwa wajukuu wake.

Njia ya tatu ilikuwa viza ya muda mrefu ya muda maalumu, inayojulikana kwa kifupi VLS-T, ambayo humruhusu mtu kukaa Ufaransa hadi miezi sita bila kuomba kadi ya ukaazi. Haihuishwi ukiwa ndani ya nchi, na kila mwaka unaanza upya. Siku zinazoishiwa Ufaransa chini ya viza hiyo hazihesabiwi katika zile 90. Hii ndiyo waliyoichagua.

Hata hivyo walichelewa kuiomba, na kuchelewa huko kulikuwa uamuzi, tena mbaya. Mwishoni mwa mwaka 2023 Bunge la Ufaransa lilikuwa likijadili sheria mpya ya uhamiaji, na Seneti ilikuwa imeingiza kifungu cha kuwapa Waingereza wenye nyumba za pili haki ya kukaa kwa muda mrefu bila kupitia mlolongo wa kuomba viza. Sheria ilipitishwa Desemba pamoja na kifungu hicho. Wanandoa wetu, kama maelfu ya wenzao, waliamua kungoja. Tarehe 25 Januari 2024 Baraza la Katiba lilikifuta kifungu hicho pamoja na vingine vingi, kwa sababu za utaratibu: hakikuwa na uhusiano wa kutosha na muswada ulivyowasilishwa mwanzoni.

Ombi la viza huruhusiwa kuanzia miezi mitatu kabla ya safari. Waliotaka kuingia mwanzoni mwa Aprili walikuwa na nafasi ya kuanza Januari mwanzoni. Hawa walianza Februari ikiwa imeshaingia, wakapata miadi ya alama za vidole mwezi Machi, na viza ikaandikwa kuanza tarehe 2 Mei. Mwezi mzima wa kupanda mbegu ulipotea hivyo.

Faili lao nililiona. Lilikuwa na fomu ya tovuti ya France-Visas, barua za pensheni, taarifa za benki za miezi mitatu, tamko la sahihi kwamba hawatafanya kazi yoyote Ufaransa, uthibitisho wa nyumba na bima ya afya. Ada ilikuwa yuro 99 kwa kila mmoja, mbali na malipo ya kituo cha kupokea maombi. Mambo mawili yaliwarudisha nyuma. Bili na risiti zote za nyumba zilikuwa na jina la mume peke yake, ingawa hati ya mthibitishaji wa mikataba ya nyumba (notaire) ilikuwa na majina yote mawili, kwa hiyo ilibidi nakala ya hati ile itafutwe kwa ajili ya faili la mke. Pili, bima yao ya safari ya mwaka mzima, waliyokuwa wakiitegemea kwa miaka, ilikuwa na sharti lililoandikwa kwa herufi ndogo: kila safari isizidi siku 31. Kadi ya GHIC, inayompa Mwingereza matibabu ya lazima katika hospitali za umma za Ulaya, wanayo, lakini hailipi gharama za kumrudisha mgonjwa kwao. Walinunua bima ya miezi sita, na kwa umri wao haikuwa rahisi.

Uamuzi wa mwisho ulihusu kodi, na ndio ninaouona bora kuliko yote. Viza ilikuwa ya tarehe 2 Mei hadi 1 Novemba, siku 184 ukizihesabu zote. Mke aliuliza swali ambalo watu husahau kuliuliza: kuruhusiwa kukaa siku hizo zote kunamfanya mtu awe nani mbele ya ofisi ya kodi? Kwa sheria ya Ufaransa, mtu anaweza kuhesabiwa mkaazi wa kikodi ikiwa makao ya familia au mahali pake pa kuishi zaidi ni Ufaransa, na nusu ya mwaka ni kipimo kinachotazamwa sana. Upande wa pili, mtu aliyekaa Uingereza siku 183 au zaidi katika mwaka wa kodi, unaoanza tarehe 6 Aprili, ni mkaazi wa kikodi wa Uingereza bila mjadala. Nchi hizo mbili zina mkataba wa mwaka 2008 unaoamua pale zote zinapomdai mtu mmoja, lakini kufikishwa kwenye mkataba ni safari ndefu ya barua. Walikubaliana kuondoka tarehe 14 Oktoba.

Matokeo

Mwaka 2024 walikaa siku 166 chini ya viza. Walirudi tarehe 20 hadi 28 Desemba kwa kanuni ya siku 90, siku tisa, wakafikisha siku 175 za Ufaransa katika mwaka wa kalenda. Hispania hawakwenda, dada wa mke ndiye aliyewafuata Dordogne mwezi Juni. Malipo ya bima ya nyumba yalifika masika: paa lililipwa, dari ililipwa sehemu tu, kwa hoja kwamba uharibifu wake ulizidi kwa sababu ya kucheleweshwa kuingia ndani. Mwaka 2025 waliomba viza tena, safari hii mwanzoni mwa Januari, wakaingia tarehe 3 Aprili.

Uchambuzi

Kosa la hesabu lilitokana na usemi unaosambazwa sana na washauri, kwamba ni "siku tisini ndani, tisini nje". Usemi huo ni kweli kwa mtu asiye na safari nyingine yoyote. Kwa mtu mwenye dada Hispania ni mtego, kwa sababu unamfundisha kuhesabu kuanzia siku aliyofika badala ya kurudi nyuma kutoka siku atakayoondoka. Kalenda ya jikoni ya mume ilikuwa na namba sahihi zilizoanzia mahali pasipo sahihi.

Mwaka 2023 ilibidi ofisa apindue kurasa kwa mkono, na wapo waliopita kwa bahati. Tarehe 12 Oktoba 2025 Umoja wa Ulaya ulianza kutumia kwa awamu mfumo wa kielektroniki wa kuingia na kutoka, unaochukua picha ya uso na alama za vidole na kuhesabu siku wenyewe. Anayetegemea muhuri uliofifia aache.

Lakini hasara kubwa ya kisa hiki haikuletwa na zile siku kumi. Hata kama wangeondoka tarehe 20 Juni kwa halali kabisa, dhoruba ya Agosti ingewakuta hawana siku, kwa kuwa walizitumia zote kwa mkupuo mmoja. Hili ndilo ninalowasisitizia wote wanaonijia. Nyumba isiyo na mtu hupata matatizo yake kwa wakati wake, na mwenye nyumba anahitaji akiba ya siku kama anavyohitaji akiba ya fedha. Wangekaa kuanzia tarehe 2 Aprili hadi 16 Mei, siku 45, wangeweza kwenda Agosti kumpokea mkadiriaji na bado wakawa na mwezi mzima wa Septemba. Anayeona masika mafupi hivyo hayamtoshi, basi viza ndiyo njia yake, na aiombe mapema.

Barua ya uwakilishi ingegharimu karatasi moja. Bibi jirani alikuwa na ufunguo, nia njema na sufuria, ila hakuwa na neno lolote la maandishi linalomruhusu kumfungulia mkadiriaji mlango kwa niaba ya wenye nyumba. Kwa siku tisa alifanya kazi ambayo hakuna aliyemlipa, na dari ikaanguka hata hivyo. Sasa barua ipo katika droo ya jikoni kwake, kwa Kifaransa, yenye sahihi mbili, namba ya mkataba wa bima na jina la fundi wa paa, nayo hubadilishwa kila mwaka tarehe inapochakaa. Nje, karibu na mita, wamepaka rangi nyekundu kwenye koki kuu ya maji ili mtu yeyote aione.

Kungoja siasa kulikuwa kosa la kibinadamu, na siwalaumu kwa kutumaini. Ninachokilaumu ni kwamba kungoja hakukuhitajika: ombi la viza lingeweza kuanza mwanzoni mwa Januari huku uamuzi wa Baraza la Katiba ukingojewa, na kama kifungu kingebaki wangepoteza ada tu.

Kilichowaokoa zaidi ni kwamba karatasi zao zote zilisema jambo moja. Mwaka 2023, Ufaransa ilipowataka wenye nyumba wote watangaze kwenye tovuti ya kodi jinsi nyumba zao zinavyotumika, walitangaza yao kuwa makazi ya pili. Fomu ya viza ilisema vivyo hivyo, bima ya nyumba vivyo hivyo, na daktari wao bado yuko Uingereza. Nimeona mafaili ambamo mtu ni mkaazi mbele ya bima ili alipe kidogo, na ni mgeni mbele ya kodi kwa sababu hiyohiyo, na siku ya kueleza hajui aanzie wapi.

Lililobaki bila jibu ni umri. VLS-T inadai ombi jipya kila mwaka, safari ya kituo cha alama za vidole, wiki kadhaa bila pasipoti mkononi, na bima ya afya ambayo bei yake hupanda kila siku ya kuzaliwa inapopita. Mume sasa anatembea kwa fimbo. Wamekubaliana kuomba viza ya mwaka 2026, na wamemwomba mthibitishaji wa mji wa jirani awaeleze gharama za kumhamishia binti yao umiliki wa nyumba huku wao wakibaki na haki ya kuitumia. Binti naye ana pasipoti ya Uingereza, anafanya kazi siku tano kwa wiki, na siku zake ni 90.